Nani Asahihishe Mtihani wa Rais?

Katika kijiji cha Kendwa, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, iko baraza moja ambapo wazee hukaa baada ya alasiri kungojea vyombo virudi kutoka baharini. Mbele yao ni mchanga mweupe ambao wageni hutoka nchi za mbali kuja kuulalia. Nyuma yao ni mahoteli ambamo vijana wao hufanya kazi. Sisi walimu tupitapo hapo hukaribishwa kahawa, wala hatukatai, kwani mambo mengi ya nchi hujulikana barazani kabla hayajafika gazetini.

Jioni moja mazungumzo yaliangukia jina la marehemu John Pombe Magufuli, aliyekuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu Novemba 2015 hata alipofariki tarehe 17 Machi 2021. Mzee mmoja, mvuvi tangu utoto wake, alisema, "Yule alikuwa mwanamume. Wezi walimwogopa." Kijana mmoja wa hotelini akamjibu kwa adabu, "Kweli, babu, wezi walimwogopa. Lakini hata mimi nisiyeiba nalimwogopa." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mzee hakukasirika. Alitugeukia, akasema, "Haya, nyinyi ndio wenye kazi ya kusahihisha. Huyu bwana mwampa ngapi kwa mia?"

Hatukuweza kumjibu pale pale. Tulikunywa kahawa yetu, tukaaga. Lakini swali lile lilitufuata njiani mpaka Mjini, nasi tumeona ni vizuri tulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu, ambao wengi wao ni walimu kama sisi.

Yatupasa kwanza kuikumbuka kanuni ya kazi yetu. Mwalimu mwema akishika karatasi ya mwanafunzi hutia alama njema palipo na jema, na alama ya kosa palipo na kosa. Hafuti jema kwa sababu ya kosa, wala hafichi kosa kwa sababu ya jema. Watu wengi wamtajapo Rais yule huivunja kanuni hii. Ampendaye husimulia reli na bwawa, akaishia hapo. Amchukiaye husimulia jela na magazeti yaliyofungiwa, akaishia hapo. Sisi tutajaribu kuyataja yote mawili, halafu tuonyeshe kosa moja ambalo pande zote mbili hulifanya pamoja. Kosa hilo ndilo lililotutia kalamu mkononi.

Tuanze na mema. Rais huyu alikuwa mwenzetu. Alifundisha kemia na hisabati huko Sengerema kabla hajaingia katika siasa, na mwaka 2009 alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi wa kwanza wa utawala wake alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba 2015, akawaambia watu washike fagio wasafishe miji yao, na shilingi bilioni 4 za sherehe zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco mjini Dar es Salaam. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali za Bara mpaka Kidato cha Nne. Maelfu ya watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mshahara pasipo watu, yaliondolewa katika daftari za serikali. Na mwezi wa Aprili 2017 watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi walipoteza kazi zao. Reli mpya ya kisasa ilianza kujengwa mwaka huo huo, na bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye kusudi la kutoa megawati 2,115 za umeme, lilianza katika siku zake. Mtu ayakanushaye haya haisemi kweli.

Sasa na tutaje yaliyo upande wa pili. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena mijadala yote ya Bunge moja kwa moja. Tangu katikati ya mwaka ule mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, nayo haikufunguliwa tena mpaka Januari 2023, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwaka 2017 magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa, moja baada ya jingine. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Rais alisema hadharani kwamba msichana apataye mimba hatarudi shuleni, na sisi walimu tulijua ni wasichana gani waliokuwa wakisemwa, maana tuliita majina yao kila asubuhi. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi nyingi mchana kweupe mjini Dodoma, akanusurika. Mwezi wa Novemba mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka huko Kibiti. Hatusemi kwamba Rais aliamuru mambo haya mawili ya mwisho; lisilothibitishwa mahakamani si haki kulibandika juu ya mtu, sembuse juu ya marehemu. Twasema tu kwamba hakuna aliyehukumiwa kwa risasi zile, na kwamba jambo kama hilo likitokea na kupita hivyo, watu wengi hujifunza kufunga midomo pasipo kuambiwa.

Basi msomaji atauliza, "Mkijumlisha na kutoa, mwapata ngapi kwa mia?" Hapa ndipo tulipolikuta kosa tulilolitaja.

Wampendao husema, "Watu walimpenda." Wamchukiao husema, "Watu walimchoka." Kila upande huzungumza kana kwamba umewahi kukaa katika moyo wa kila raia. Lakini maoni ya watu ni kitu kinachohitaji kupimwa, kama joto la mgonjwa au uzito wa karafuu. Mtu hawezi kuutaja uzito wa gunia kwa kulitazama, tena hata mizani ikiwapo, haitafaa kitu mwenye gunia akiwa amesimama juu yake. Kosa la pande zote mbili ni kubishana juu ya uzito pasipo kuuliza habari ya mizani.

Na mizani ilikuwako. Shirika la Twaweza lilikuwa na utaratibu uitwao Sauti za Wananchi, ambao kwao watu wa Bara walipigiwa simu na kuulizwa mambo mbalimbali: maji, shule, chakula, na pia kama waikubali kazi ya Rais. Mwaka 2016 walioikubali walikuwa 96 kwa mia. Mwaka 2017 walikuwa 71. Mwezi wa Julai 2018 hesabu mpya ilitolewa, nayo ilikuwa 55.

Na tuitazame hesabu hii kwa utulivu. Mtawala aliyegusa maslahi ya watu wengi, akafukuza watumishi, akabana fedha, na bado baada ya miaka karibu mitatu zaidi ya nusu ya watu wakasema kazi yake ni njema, hana haja ya kuona haya. Huko Ulaya wako viongozi wengi ambao wangeipokea hesabu hiyo kwa mikono miwili. Mwalimu aliyepewa habari kama hiyo juu ya darasa lake angekaa chini, akajiuliza ni wapi wanafunzi walipoacha kumfuata, kisha akasahihisha.

Yaliyotokea yalikuwa mengine. Mwezi ule ule wa Julai, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliwaandikia Twaweza wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua kwa utafiti ambao tume ilisema haukuwa na kibali. Kisha Idara ya Uhamiaji ikaichukua pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wa shirika hilo, Aidan Eyakuze, kwa maelezo kwamba uraia wake wachunguzwa. Mwezi wa Septemba 2018 Bunge likabadili Sheria ya Takwimu, hata ikawa ni kosa kutangaza hesabu zenye kupotosha au kukanusha zile za serikali. Na adhabu ikawa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ni kweli kwamba mwezi wa Juni 2019 sheria hiyo ililegezwa tena, watu wengi wa ndani na wa nje walipokuwa wamelalamika. Lakini funzo lilikuwa limekwisha kuingia: aliyeleta alama ya 55 alionekana ameleta fitina.

Halafu ukaja uchaguzi wa Oktoba 2020. Rais yule aliyepata 58 kwa mia mwaka 2015 alitangazwa kuwa amepata 84. Mpinzani wake mkubwa, Tundu Lissu, aliyekuwa amerudi kutoka matibabuni, alitangazwa kuwa amepata 13. Wapinzani walilalamika kwamba mawakala wao walizuiwa na kwamba kura ziliingizwa vibaya. Tume ya Uchaguzi ilikana.

Sasa tunamwendea yule mzee wa Kendwa kwa heshima, nasi twamwambia hivi. Mzee wetu, hatubishi kwamba ulimpenda. Hatubishi hata kwamba walio wengi walimpenda, inawezekana sana. Lakini tazama ulivyoibiwa. Leo kijana wako akikuuliza, "Babu, utathibitishaje?", utamwonyesha nini? Ukimwonyesha 84 ya mwaka 2020, atakuambia kwamba mikutano ilizuiwa, magazeti yalifungiwa, na mpima maoni alinyang'anywa pasi. Hutakuwa na la kumjibu, hata kama kweli iko upande wako. Walioziba midomo ya wasiompenda Rais waliziba vile vile masikio ya watakaokuja baadaye, wasiweze kuisadiki sifa ya wampendao. Sifa isiyoweza kukataliwa haiwezi kusadikiwa. Twasema basi kwamba waliopaswa kuwa wa kwanza kutetea uhuru wa kusema katika miaka ile ni marafiki wa Rais mwenyewe, kwa kuwa wao ndio waliopotewa na mali kubwa kuliko wote.

Msomaji wa Unguja atasema, "Lakini hiyo mizani ya simu haikutufikia sisi." Ni kweli. Sauti za Wananchi iliwauliza watu wa Bara, Kendwa haikuulizwa. Na bado polisi na majeshi ni mambo ya Muungano, hivyo Rais wa Muungano ni Rais wa Kendwa pia. Walakini watu wa visiwa hivi hawakuhitaji shirika la simu kuwafundisha somo hili. Wamelijua kwa muda mrefu.

Mwezi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote za Zanzibar, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa kilipata viti 13 katika 31. Serikali ikashikwa na wengine, uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Wahenga walisema, "Wengi wape, usipowapa, watachukua wenyewe." Baada ya Mapinduzi, Sheikh Abeid Amani Karume aligawa ardhi eka tatu tatu, akafanya elimu kuwa bure, na majumba marefu ya Michenzani yalianza kujengwa wakati wake. Wako wazee wanaomkumbuka kwa machozi ya shukrani, na wako wanaomkumbuka kwa machozi ya jamaa zao waliopotea. Lakini hata alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 hakuwa amesimama mbele ya wapiga kura hata mara moja akiwa Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo mabishano yale yale ya Kendwa yamekaa katika baraza za Mji Mkongwe zaidi ya nusu karne, wala hayana mwamuzi, kwani karatasi ya mtihani haikutolewa.

Somo la karibu zaidi ni la mwaka 2015. Tarehe 25 Oktoba mtu wa Unguja alikwenda kupiga kura, na siku ile moja alimchagua Rais wa Zanzibar na Rais wa Muungano. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar, akisema umeharibika. Kura za Muungano zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, zilikubaliwa, nazo zikahesabiwa pamoja na zile zilizomweka Dokta Magufuli Ikulu. Uchaguzi wa Zanzibar ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Chama cha CUF kilikataa kuingia, na Dokta Ali Mohamed Shein akatangazwa kupata 91 kwa mia. Mtu yule yule mwaka 2010 alikuwa amepata 50 na Maalim Seif Sharif Hamad 49. Je, watu wa Zanzibar walikuwa wamebadilika kiasi hicho katika miaka mitano na nusu? Au ni kwamba mwanafunzi akiketi peke yake chumbani hakosi kuwa wa kwanza?

Na tena tusisahau kwamba visiwa hivi vilikwisha kuonyesha njia iliyo bora. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kama wataka serikali ya umoja wa kitaifa, na theluthi mbili wakasema ndiyo. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa karibu mno, asilimia moja tu, lakini uliisha kwa amani, mshindi na mshindwa wakakaa serikali moja. Tofauti ya moja kwa mia haikuwaletea watu wa Unguja na Pemba vita. Ule ushindi wa 91 kwa mia ndio uliowaletea miaka ya kutosemezana, hata watu wakasusiana maduka na maziko. Haya na yafikiriwe na wale wasemao kwamba ushindi mkubwa ndio uletao utulivu.

Sasa yako maneno matatu ambayo husemwa kila mara dhidi ya maoni kama haya yetu, nasi si vema tuyapite.

Neno la kwanza ni kwamba demokrasia ni kitu cha kigeni. Sisi twajibu: mwulizeni baharia. Katika chombo hapana kura ya kutweka tanga. Nahodha akiamuru, watu hushika kamba. Hilo twalikubali. Walakini yuko baharia akaaye chini ngamani akifua maji, na kazi yake ya pili ni kupaza sauti kueleza maji yamefika wapi. Hakuna nahodha wa Nungwi wala wa Kendwa aliyempiga mtu huyo kofi kwa kusema maji yanazidi. Angefanya hivyo, maji yasingepungua hata kikombe kimoja. Yeye tu ndiye angekuwa wa mwisho kujua. Basi desturi ya kumwambia mkubwa kweli haikuletwa na meli ya mtu yeyote. Ilikuwako ngamani.

Neno la pili ni kwamba nchi maskini yahitaji mkono wenye nguvu, na kusema sana huchelewesha kazi. Neno hili lina ukweli ndani yake, ndiyo sababu lapendwa. Lakini na tulipime kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 2020 serikali ilitoa hesabu ya mwisho ya wagonjwa wa korona: wagonjwa 509, waliokufa 21. Baada ya hapo hesabu zilikoma kwa zaidi ya mwaka, na mwezi wa Juni Rais alitangaza kwamba nchi imepona. Mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua ugonjwa huo. Naye akafariki tarehe 17 Februari. Mwezi mmoja kamili baadaye Rais Magufuli naye akafariki, kwa maradhi ya moyo kama serikali ilivyotangaza. Walimu wawili hawa, mmoja wa Pemba na mmoja wa Chato, walikuwa katika vyama mbalimbali vyenye kushindana, nasi tuliwazika katika muda wa siku arubaini. Hatutaki kuyatumia mauti kama hoja. Twauliza tu: daftari ya wagonjwa ilipofungwa, ni kazi gani iliyokwenda upesi zaidi? Mkono wenye nguvu usiokuwa na jicho hupiga kwa nguvu mahali pasipo msumari.

Neno la tatu ndilo la moyoni. Husemwa, "Mliona maziko yake." Ndiyo, tuliona. Watu walilia barabarani na kutandika khanga zao njiani jeneza lipite juu yake. Katika uwanja wa Uhuru mjini Dar es Salaam watu 45 walikufa kwa kukanyagana walipokwenda kumwaga. Jeneza lilipoletwa Unguja, watu walijaa katika uwanja wa Amaan. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na mtu ayadharauye hana utu. Lakini machozi hutuambia kwamba waliolia walimpenda. Hayatuambii habari ya waliobaki nyumbani. Tena tazameni: upendo kama ule ungeshinda uchaguzi wowote ulio wazi. Kwa nini basi uliogopewa kupimwa?

Tumefika sasa katika habari ya siku zijazo. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi katika kisiwa chetu hiki, alipoapishwa Machi 2021, milango mingi ilifunguliwa. Wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi shuleni mwaka ule ule. Mwaka 2022 magazeti yaliyofungiwa yalirudishiwa leseni. Januari 2023 mikutano ya vyama iliruhusiwa. Watu walifurahi, nasi tulifurahi. Lakini wachache waliona kwamba neno lililotumika kila mara lilikuwa ruhusa. Anayekupa ruhusa asubuhi aweza kuitwaa jioni. Haki ndiyo haina saa.

Na jioni ilikuja. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulipofika, chama cha CHADEMA kilikuwa kimezuiwa kushiriki, Tundu Lissu alikuwa kizuizini tangu Aprili akishtakiwa kwa uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameondolewa. Mshindi alitangazwa kuwa na karibu 98 kwa mia. Siku ile ile ya kura ghasia zilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine ya Bara, intaneti ikazimwa, watu wakakatazwa kutoka nje usiku, na raia wakauawa, hata idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa. Mwezi wa Novemba Rais alitangaza Bungeni kuundwa kwa tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Wasomaji, ziwekeni hesabu hizi mbili pamoja: 98 kwa mia katika karatasi, na moshi barabarani siku ile ile. Kama hesabu ile ingekuwa kipimo cha mioyo ya watu, moshi ule ungetoka wapi? "Kimya kingi kina mshindo mkuu," walisema wazee wetu. Alama ya 55 iliyotolewa mwaka 2018 ilikuwa sauti ya mtu wa ngamani asemaye maji yamefika magotini. Aliambiwa anyamaze. Miaka saba ikapita.

Basi, mzee wetu wa Kendwa, jibu letu ni hili. Ulituuliza twampa ngapi kwa mia. Kwa reli, kwa shule, kwa kuwaogofya wezi, twampa alama nzuri, wala hatumnyimi. Kwa kuwaogofya wasioiba, twatia alama nyekundu. Lakini jumla hatuwezi kuandika, maana karatasi ililetwa kwetu ikiwa imekwisha kusahihishwa na mtahiniwa, na chini yake imeandikwa 84 kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu yeyote akiletewa karatasi ya namna hii, hata ikiwa ya mwanafunzi hodari kuliko wote, huirudisha. Wala hairudishi kwa kumchukia; airudisha ili uhodari wa mtoto usitiliwe shaka milele.

Demokrasia ya kesho, kwa maoni yetu, haitategemea kumpata Rais mpole baada ya mkali, wala mkali baada ya mpole. Itategemea kama yuko mtu mwingine mwenye kushika kalamu nyekundu: tume isiyoogopa, gazeti lisilofungiwa, hakimu asiyepigiwa simu, na mpima maoni ambaye pasi yake imo mfukoni mwake. Na sisi walimu tunayo sehemu yetu. Mtoto azoeaye kuchapwa kwa kuuliza swali darasani atakuwa raia anyamazaye, na siku moja atakuwa mtawala asiyetaka kuulizwa. Tukitaka kulalamika juu ya Ikulu, na tuanze kutazama madarasa yetu.

Kijana wa hotelini alituambia jambo moja tulipokuwa tukiondoka, nalo tumeliweka mwisho. Alisema, "Maalim, siku zile barazani hapa tulikuwa tukitazama kwanza nani amekaa, ndipo tuseme." Siku ile tuliyopita sisi, alisema mbele ya babu yake na hakutazama nyuma. Twatumaini atasema hivyo kesho pia. Na msomaji ambaye haoni kama tuonavyo sisi na atuandikie. Barua yake itasomwa, na kosa letu likionekana, tutalisahihisha.